Gari lako linavutwa au linasukumwa? Jua kabla masika hayajaanza

Niliponunua IST yangu, aliyeniuzia aliniambia ni ya tairi za mbele. Nikamwamini, kwa sababu IST karibu zote nilizowahi kupanda zilikuwa hivyo. Nilikaa nayo miaka miwili kasoro. Siku moja fundi akaiweka juu ya shimo abadilishe buti la mpira la shafti lililopasuka, akanyamaza kidogo, kisha akaniita nishuke nitazame. Bomba nene la chuma, yaani propela, lilitoka mbele likapita katikati ya uvungu hadi nyuma, na pale katikati ya tairi za nyuma kulikuwa na difu, kitunguu cha chuma kinachogawa mzunguko kwa tairi mbili. Alipofungua bolti ya chini, oili iliyotoka ilikuwa nyeusi tii, na alipoipaka kwenye kidole gumba ikabaki na chenga za chuma zinazometa. Hakuna aliyewahi kuibadilisha, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba difu hiyo ipo.

Kwetu ni Usambara, juu ya Lushoto, mahali ambapo lami ikiisha unabaki na udongo mwekundu unaogeuka sabuni mvua ya kwanza ikinyesha. Huko kutojua gari lako linaendeshwa na tairi zipi kunaweza kukulaza njiani. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa anayenunua gari, na pia kwa yule ambaye tayari analo lakini hajawahi kuuliza.

Hatua ya 1: Elewa nguvu inakwenda wapi

Injini inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha difu, na difu inagawa mzunguko kwa tairi mbili. Kinachotofautisha magari ni difu iko wapi, na ziko ngapi.

Kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele, difu imo ndani ya giaboksi, mbele kulekule. Mara nyingi injini imelazwa kwa upana wa gari, mikanda yake ikitazama upande wa tairi. Shafti mbili fupi zinatoka hapo kwenda tairi za mbele, na kila shafti ina jointi za CV, yaani viungo vinavyoiruhusu kupinda ikizunguka, zilizovikwa buti la mpira. Citroën walitumia mvuto wa mbele kwenye Traction Avant ya 1934, na Mini ya 1959 ikalaza injini kwa upana ili watu wanne waenee ndani ya gari dogo. Vitz, Passo, Probox, Demio, Fit na IST nyingi zinafuata njia hiyo. Ni nyepesi, ni nafuu kutengeneza, sakafu haina mgongo wa propela, na uzito wa injini unakandamiza tairi zilezile zinazovuta.

Gari linalosukumwa na tairi za nyuma lina injini iliyokaa kwa urefu, giaboksi nyuma yake, kisha propela ndefu hadi kwenye difu ya nyuma. HiAce, Canter, Crown na Mark II nyingi ziko hivyo. Tairi za mbele zinabaki na kazi ya kukata kona tu. Ukipakia mzigo nyuma, uzito unakaa juu ya tairi zinazosukuma, na ndiyo sababu magari ya mizigo yamebaki na mpangilio huu mpaka leo.

La tatu ni linalotumia tairi zote nne, na hilo nitalirudia peke yake kwa kuwa ndani yake mna aina kadhaa ambazo watu huzichanganya.

Kabla ya kuendelea, shika tabia moja ya difu. Kazi yake ni kuruhusu tairi ya nje ya kona izunguke zaidi kuliko ya ndani, kwa sababu ya nje ina safari ndefu zaidi. Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kushoto na kulia. Tairi moja ikiwa kwenye tope na nyingine kwenye kokoto, ile ya kwenye kokoto haipati zaidi ya ile nguvu ndogo ambayo ya kwenye tope inaweza kuhimili. Kwa hiyo unaona moja inazunguka inarusha matope, nyingine imesimama kama imefungwa breki. Gari si bovu. Difu inafanya ilichoumbiwa kufanya.

Hatua ya 2: Soma kibati chini ya boneti

Magari yaliyotoka Japani yana kibati cha chuma ndani ya boneti, mara nyingi kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, chenye namba ya modeli. Usitosheke na jina la gari lililobandikwa nyuma. Isome hiyo namba.

IST za kizazi cha kwanza zenye NCP60 na NCP61 huvutwa na tairi za mbele, ila NCP65 ni ya tairi zote nne. Mark II ya GX110 husukumwa na tairi za nyuma, na GX115 hutumia zote. Noah ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Ile ya zamani ya SR40, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, husukumwa na tairi za nyuma, na ndugu yake SR50 ni ya zote nne. Mwaka 2001 ikaja AZR60, ikahamisha mvuto mbele kabisa, pamoja na AZR65 ya zote nne. Jina ni lilelile, lakini kwenye tope ni magari mawili tofauti.

Usijitungie kanuni kwamba tano mwishoni maana yake tairi nne. RAV4 ya kizazi cha pili inakuvunja moyo hapohapo: ZCA25 na ZCA26 ni za tairi za mbele tu, na ACA20 na ACA21 ndizo za zote nne. Hata Subaru, ambayo kila mtu mtaani anaapa kwamba ni ya tairi nne, kuna Impreza za injini ya 1500 zilizouzwa Japani zikiwa za tairi za mbele. Namba ukishaipata, itafute kwenye orodha ya modeli za kampuni.

Hatua ya 3: Tazama uvunguni kwa macho yako

Kibati kinasema gari lilizaliwa vipi. Uvungu unasema lina nini leo, maana wapo wenye magari walioondoa propela baada ya kuharibika na kuliuza gari hivyohivyo.

Nenda kwenye shimo la fundi. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake hata kwa dakika moja. Ukiwa chini, tafuta bomba la duara linalotoka giaboksi kwenda nyuma. Usilichanganye na ekzosi: ekzosi imepinda, ina masufuria njiani na inatokea nje nyuma. Propela imenyooka, ina jointi, na inaishia kwenye kitunguu cha chuma katikati ya tairi za nyuma. Kitunguu hicho ndicho difu.

Injini imelala kwa upana na hakuna propela? Ni la tairi za mbele. Injini imekaa kwa urefu, propela ipo, na tairi za mbele hazina shafti zinazoingia katikati yake? Ni la nyuma. Ukiona propela na pia shafti zinazoingia tairi za mbele, ni la zote nne.

Kuna magari yanayovunja kanuni hii. Harrier ya haibridi yenye mfumo wa tairi nne haina propela kabisa, kwani tairi za nyuma zina mota yao ya umeme. Baadhi ya Nissan ndogo kama March zina mota ya nyuma pia, inayosaidia unapoondoka na kujizima gari likifika kama kilomita 30 kwa saa. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya mbele ya nyumba, na mlima wetu wa dakika kumi unahitaji kitu kingine.

Hatua ya 4: Kama ni la tairi nne, jua ni tairi nne ya namna gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Aina ya kwanza ni ya kuunganisha mwenyewe: Hilux, na Land Cruiser za familia ya 70 tunazoziita mkonga. Kawaida linasukumwa na tairi za nyuma, kwenye H2. Ukiweka H4, transfa, yaani giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, inaunganisha propela ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. L4 ni hivyohivyo kwa mwendo mdogo na nguvu nyingi. Kati ya mbele na nyuma hakuna difu. Kwa hiyo usitumie H4 kwenye lami kavu. Unapokata kona, tairi za mbele zina safari ndefu kuliko za nyuma, na zisiporuhusiwa kupishana, vyuma vinajisokota. Usukani unakuwa mzito, tairi zinarukaruka, na ukitaka kurudi H2 gia inagoma. Kwenye tope na changarawe tairi huteleza kidogo na kupunguza mkazo huo. Kama hubu (vitovu vya tairi) za mbele ni zile za kuzungushwa kwa mkono, zifunge kabla hujaingia kwenye tope. Kushuka kuzifunga ukiwa umeshazama mpaka ekseli ni mateso.

Aina ya pili ni ya wakati wote, yenye difu ya tatu katikati. Prado nyingi ziko hivi. Lami haina tatizo nazo. Ila kumbuka tabia ya difu: bila kuifunga ya katikati, tairi moja ikikosa mshiko inaweza kuzimisha juhudi za zote nne. Ndiyo maana kuna kitufe cha kuifunga. Ifunge kabla ya kuingia pabaya, ifungue ukirudi lami.

Aina ya tatu ndiyo iliyojaa mtaani na ndiyo isiyoeleweka: gari la tairi za mbele lenye kiungo kinachopeleka nguvu nyuma pale tu mbele inapoteleza. IST yangu iko hivyo. Ndani ya kiungo mna mafuta mazito na visahani. Mbele ikizunguka haraka kuliko nyuma, mafuta yanapata joto na kugandamiza visahani, na nyuma inaanza kusaidia. RAV4 za kizazi cha tatu na X-Trail hutumia kiungo cha umeme, na kwenye X-Trail unachagua 2WD (tairi mbili tu), AUTO (gari linaamua lenyewe) au LOCK (kiungo kimefungwa). Mfumo huu ni mwema kwa mvua, kwa lami yenye utelezi, kwa kuchomoka kwenye kishimo cha tope. Lakini ukiung'ang'aniza kwenye mchanga mrefu, kiungo kinapata joto, kompyuta inakizima kijilinde, na unabaki na tairi mbili za mbele katikati ya mchanga. Simama kipoe, usishindane nacho.

Hatua ya 5: Lijaribu kabla ya kulipa

Tafuta uwanja mtupu wenye sakafu ngumu. Kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kulia, kisha kushoto, vioo vimeshushwa. Mlio wa ka-ka-ka kutoka tairi ya mbele ni jointi ya CV iliyokwisha, na aghalabu utakuta grisi imerushwa nyuma ya rimu. Gari la tairi nne likijibanabana na kushtukashtuka kwenye mzunguko huo, kama mtu anayekanyaga breki kidogokidogo, kiungo cha katikati kimeganda au tairi hazilingani.

Kisha simama, toa D ingiza R, rudisha D. Gongo kubwa moja chini ya kiti kwenye gari lenye propela ni krosi jointi, kiungo cha propela, iliyolegea. Ukiwa barabarani kwenye mwendo wa 60 hadi 80, sikiliza nyuma: mlio kama wa nyuki unaopanda na kushuka na mwendo hutoka kwenye difu au beringi.

Usijaribu tairi nne kwa kuinua upande mmoja na jeki na kukanyaga mafuta. Tairi zilizo chini nazo zina nguvu. Gari litaruka kutoka kwenye jeki.

Hatua ya 6: Linganisha na barabara yako

Kama unaishi mjini na kijijini huenda mara mbili kwa mwaka wakati wa kiangazi, chukua la tairi za mbele. Utachoma mafuta kidogo na vipuri vyake ni vichache. Kama unabeba mzigo au abiria kila siku, la nyuma litakutunza, na fundi yeyote wa kijijini anajua krosi jointi. Tairi nne ichukue kama masika yanakukuta njiani, au kazi yako inakupeleka mahali ambapo bila hiyo huruhusiwi, kama kushuka kreta ya Ngorongoro.

Usidharau magari ya kusukuma. Miaka mingi washindi wa Safari Rally walikuwa magari ya tairi za nyuma: Peugeot 504 mwaka 1975 na 1978, Datsun za Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano, Toyota Celica mara tatu mfululizo kuanzia 1984 hadi 1986. Gari la tairi nne lilishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1987, Audi 200 Quattro ya Hannu Mikkola. Madereva wale walijua magari yao yanapoteza mshiko wapi, na ujuzi huo unapatikana kwa yeyote.

Hatua ya 7: Endesha kufuatana na gari ulilonalo

Ukipanda mlima, uzito unahamia nyuma. Gari la tairi za mbele linapungukiwa mshiko pale linapouhitaji zaidi, hasa likiwa na gunia za viazi kwenye buti. Hamisha mzigo mbele au upunguze. Mlima ukiwa mfupi na tairi zinazunguka bure, geuza gari ulipandishe kinyumenyume: sasa tairi zinazovuta ziko upande wa chini ambako uzito umeelemea. Weka mtu akuelekeze. Nimepandisha hivyo mara nyingi, kabla na baada ya kujua difu ninayo.

La tairi za nyuma likiwa tupu ndilo linalosumbua. Pikapu isiyo na mzigo hucheza mkia kwenye utelezi. Mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli inabadilisha kila kitu. Tairi moja ya nyuma ikizunguka bure, vuta hendibreki kidogo tu huku ukikanyaga mafuta taratibu. Unaipa tairi inayoteleza kizuizi, na nguvu inapata njia ya kwenda kwa mwenzake. Achia mara tu gari linapotoka.

Kwenye kona yenye mvua, gari la mbele likizidiwa hugoma kukata na kunyoosha kwenda nje. Punguza moto, usizidishe usukani. La nyuma likizidiwa hutoa mkia. Punguza moto taratibu, elekeza usukani kule mkia unakokwenda, na usiguse breki. La tairi nne litakuficha dalili hizo muda mrefu zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu magari yote hufunga breki kwa tairi nne. Kukupandisha litakupandisha vizuri kuliko wengine, lakini kusimama mbele ya lori lililokatiza barabara litasimama kama Vitz.

Kuhusu minyororo. Masika moja nilimkuta konda wa Noah mpya amepiga magoti kwenye tope, amefunga minyororo tairi za nyuma kwa ustadi wa miaka, vidole vinatoka damu. Alijifunzia kazi kwenye Noah ya zamani. Dereva akakanyaga, tairi za mbele zikazunguka, zile zenye minyororo zikatulia tuli. Tulizihamishia mbele, gari likatoka. Minyororo, mawe, majani ya migomba, chochote unachoweka, kiende kwenye tairi zenye nguvu.

Hatua ya 8: Tairi

Tairi nne vipara ni dhaifu kuliko tairi mbili zenye meno mazuri. Sema hivyo kwa yeyote anayetaka kuongeza milioni kadhaa kupata gari la tairi nne huku akinunua tairi za mtumba zisizolingana.

Kwa gari la tairi nne, kulingana ni lazima. Subaru wanataka mzunguko wa tairi moja hadi nyingine usitofautiane zaidi ya milimita 6 na kidogo. Tairi ikilika milimita 1 tu, mzunguko wake unapungua kwa zaidi ya milimita 6. Chukua utepe wa fundi cherehani, jaza upepo sawa tairi zote, zungushia kila moja, andika. Zisipolingana, kiungo cha katikati hufanya kazi siku nzima hata kwenye barabara iliyonyooka, na hatimaye kinaungua. Kwa hiyo tairi moja ikiharibika, usinunue moja mpya peke yake: nunua zote nne, au tafuta moja iliyolika kiasi hichohicho. Subaru nyingi za zamani za otomatiki zina kijisanduku chini ya boneti kilichoandikwa FWD: ukifunga spea nyembamba, unachomeka fyuzi hapo ili tairi za nyuma ziachwe huru mpaka ufike kwa fundi.

Hatua ya 9: Oili zilizosahaulika

La tairi za mbele lina oili ya injini na ya giaboksi. La nyuma linaongeza ya difu. La tairi nne linaweza kuwa na injini, giaboksi, transfa, difu ya nyuma, na wakati mwingine difu ya mbele, kila moja na bolti yake. Mwambie fundi akuonyeshe zote, na aanze kufungua bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ya kumwagia ikitoka na ya kujazia ikakataa kufunguka, utalala gereji.

Hatua ya 10: Likiharibika, livutwe kwa usahihi

La tairi za mbele huinuliwa mbele. La nyuma huinuliwa nyuma, au propela ifunguliwe kwanza. La tairi nne lipakiwe zima juu ya gari la kubeba. Kuliburuza tairi mbili zikiwa juu na mbili zikizunguka barabarani kunaweza kuunguza kiungo cha katikati kabla hujafika gereji, ukaanza na tatizo la betri ukamaliza na la giaboksi. Brekidauni ikija na kamba na ndoano peke yake, mpe nauli ya usumbufu na umsubiri mwenye kubeba.